Bata mzinga wa sikukuu: kazi ya siku mbili, si ya saa mbili

KILA mwaka Novemba ikiingia, bata mzinga aliyekuwa akizurura uani Nyegezi, Buswelu au Kisesa bila mtu kumjali huanza kupigiwa hesabu. Baba anamtazama anavyojitunisha na kukunjua mkia, anasema huyu ndiye wa Krismasi. Watoto waliozoea kumpigia mluzi ili awajibu kwa kelele zake sasa wanabishana nani atakula paja. Anayebaki kimya ni mama, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa ndege huyo ataivaje.

Ukimya huo una sababu. Mwanza inajua kupika samaki. Sato wa kubanika, sangara wa kukaanga, dagaa wa nyanya, kila nyumba ina mkono wake. Kuku wa kienyeji naye hana siri. Lakini bata mzinga mzima, asiyekatwa vipande, ni jambo jingine. Uzito wake ni sawa na kuku watatu au wanne, kidari chake hukauka wakati paja bado lina damu, na nyumba nyingi hazina oveni ya kumtosha. Matokeo yanafahamika. Nje ana rangi ya kupendeza kama wa kwenye filamu, kisu kikifika mfupani yanatoka maji mekundu, na wageni tayari wameshanawa mikono.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mwenye nyumba anaona aibu kumrudisha jikoni, nyama inaliwa hivyo hivyo, na usiku watoto wanaanza kuharisha. Nyama ya ndege isiyoiva hubeba vimelea kama salmonela, na wanaoumia zaidi ni wale wale ambao sikukuu imeandaliwa kwa ajili yao: mtoto mdogo, mama mjamzito, na bibi aliyesafirishwa kutoka Ukerewe kuja kula na wajukuu. Ndiyo maana kazi hii inahitaji kupangwa mapema.

Ndege aliyetoka mbali

Bata mzinga si bata. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na watu wa Mexico walikuwa wakimfuga kabla Wahispania hawajafika huko. Ni Wahispania waliompeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, na kila taifa likambandika asili ya kwingine. Waingereza walimwita jina la nchi ya Uturuki, Waturuki wakamwita wa India, Wafaransa nao wakamhusisha na India, na Wareno wakampa jina la Peru. Waswahili walimweka kwenye ukoo wa bata na kuendelea na shughuli zao.

Marekani huliwa zaidi Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na Uingereza wakati wa Krismasi. Picha zinazoonekana kwenye simu za watu wetu zinatoka huko, na zinaficha jambo moja. Bata mzinga wao ni mchanga, amenenepeshwa kwa chakula maalumu na hana kazi ya kutembea. Wa kwetu ametembea uani mwaka mzima, amekula panzi na pumba, na misuli yake imekomaa. Ladha yake ni nzuri kuliko ya yule, lakini akipikwa kwa maelekezo ya yule atakuwa mgumu kama kamba.

Pima oveni kabla ya kumpima ndege

Kabla ya kwenda mnadani Misungwi au Magu, au kuzungumza na jirani anayefuga, chukua futi ya fundi cherehani upime sehemu mbili: ndani ya oveni, na sufuria kubwa kuliko zote ulizonazo. Oveni ndogo za umeme za mezani nyingi hazimtoshi dume mzima. Kwa jiko la kawaida la nyumbani, jike ndiye chaguo bora, kwa kuwa ni mdogo, nyama yake ni laini zaidi na anaingia sufuriani. Akishachinjwa na kusafishwa, robo hivi ya uzito wake huondoka. Jike wa kilo saba akiwa hai atabaki na kilo tano au zaidi kidogo.

Je, kilo tano zinatosha watu wangapi? Kama bata mzinga ndiye kitoweo pekee, hesabu nusu kilo ya nyama mbichi yenye mifupa kwa kila mtu mzima, yaani watu kumi. Kama kuna pilau, samaki na mboga pembeni, watu 15 watashiba bila kunung'unika.

Umri wake unatazamwa kwa macho na vidole. Bonyeza ncha ya mfupa wa kidari. Ikipinda kama gegedu, huyo ni mchanga. Ikiwa ngumu kama kijiti, amekomaa. Dume mwenye mwiba mrefu na mkali nyuma ya mguu, na shada refu la nywele nyeusi kifuani, ni mzee. Huyo usimfikirie oveni kabisa. Mpikie mchuzi au supu, atakupa heshima huko.

Kuchinja: nani, na lini

Familia nyingi za Mwanza zina mchanganyiko. Shemeji ni Mwislamu, jirani ni Msabato, baba mkwe ni Mkatoliki. Ukijua kwamba mezani kutakuwa na Waislamu, muombe jirani Mwislamu achinje. Ni jambo la dakika tano, na linawaondolea wageni wasiwasi wa kuuliza mbele za watu.

La pili ni muda. Ndege akichinjwa, misuli yake hukakamaa kwa saa kadhaa, kisha hulegea yenyewe. Anayechinja alfajiri ya Krismasi na kumtia motoni saa mbili baadaye anapika nyama iliyokakamaa, halafu analaumu mkaa. Mchinje tarehe 23, au tarehe 24 asubuhi, umweke kwenye friji usiku kucha. Usiku wa kabla ya kuchinjwa asipewe chakula, apewe maji tu, ili utumbo uwe mwepesi kusafisha.

Maji ya kunyonyolea yawe ya moto wa kuunguza mkono lakini yasitokote. Yanayochemka huiva ngozi, nayo huchanika wakati wa kuvuta manyoya, na ngozi iliyochanika haitahifadhi unyevu wa kidari. Toa utumbo taratibu bila kupasua nyongo. Tenga firigisi, maini, moyo, shingo na miguu, vyote vina kazi baadaye. Kumsuuza, tumia beseni la maji na upole. Maji ya bomba yanayomwagika kwa kasi juu ya nyama mbichi hurusha vimelea hadi kwenye vyombo na kachumbari iliyo pembeni. Ukimaliza, osha beseni, kisu, ubao na mikono kwa sabuni.

Na kama umenunua aliyegandishwa dukani, usimwache juu ya meza ayeyuke usiku kucha. Watu wa ziwani wanalijua hili kuliko wengine wote. Sato akiondolewa kwenye barafu pale Mwaloni Kirumba, saa sita mchana hana bei. Bata mzinga ni hivyo hivyo, ila yeye hanuki mapema. Nje anakuwa vuguvugu wakati ndani bado ni jiwe. Mweke chini kabisa ya friji, ndani ya sinia, kwa siku mbili hadi tatu kwa ndege wa kilo tano. Ukiwa na haraka, mfunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, umzamishe kwenye maji baridi na kuyabadilisha kila nusu saa. Hesabu saa moja kwa kila kilo, kisha mpike siku hiyo hiyo.

Chumvi inaanza usiku

Mkaushe ndege kwa kitambaa safi. Pima chumvi vijiko viwili vya chai, visivyojaa pomoni, kwa kila kilo ya nyama. Changanya na pilipili manga na binzari nyembamba kidogo, umpake ndani na nje, hasa kwenye mapaja. Chumvi ikikaa usiku mzima huingia hadi ndani na kuisaidia nyama kushika maji yake. Ikiwekwa dakika kumi kabla ya moto inabaki kwenye ngozi tu.

Twanga kitunguu saumu na tangawizi, changanya na vijiko vinne vya samli. Mikoa ya wafugaji kama hii haina shida ya samli nzuri. Ingiza vidole kati ya ngozi na nyama ya kidari, fungua nafasi bila kuchana, kisha sukuma mchanganyiko huo ndani. Samli itayeyuka ikitiririka juu ya kidari, sehemu inayokauka kuliko zote. Ndimu au limau weka asubuhi, si usiku, maana tindikali ikikaa muda mrefu huifanya nyama ya juu iwe kama unga.

Usimjaze wali tumboni. Wali ulio katikati ya ndege huchelewa kupata moto, nao unanyonya majimaji ya nyama mbichi muda wote huo. Weka kitunguu kilichokatwa nusu, limau na majani ya mchaichai, vitoe harufu tu. Pilau ipikwe pembeni.

Mwenye oveni

Washa oveni mapema ifike nyuzi 165 hadi 170. Funga miguu kwa uzi, kunja mabawa chini ya mgongo ili ncha zisiungue. Mweke kwenye wavu juu ya sinia lenye vikombe viwili vya maji, vitunguu na karoti. Funika kidari kwa foili. Ndege wa kilo tano hadi sita huchukua kati ya saa tatu na saa tatu na nusu. Baada ya saa mbili ondoa foili ili ngozi ipate rangi. Ukipenda asali, ipake dakika 20 za mwisho. Ikipakwa mapema inaungua na kuwa chungu.

Huyu ni ndege mchanga. Kama amekomaa kidogo, mfunike kwa foili sinia lote kwa saa mbili na nusu, maji yakiwepo chini, aive kwa mvuke kwanza.

Kumbuka umeme. Ukikatika katikati ya kazi, usifungue mlango wa oveni kwa robo saa ya kwanza. Usiporudi, mhamishie sufuriani juu ya gesi au mkaa mara moja. Ndege aliyeiva nusu na kuachwa anapoa ni hatari kuliko mbichi, kwa sababu yuko kwenye joto linalopendwa na vimelea. Kwa hiyo, hata mwenye oveni awe na sufuria na mkaa tayari.

Asiye na oveni

Huyu ndiye wengi, na hana sababu ya kujiona mnyonge. Njia ya sufuria na makaa ya juu na chini, ile ile inayookea keki mitaani, inampika bata mzinga wa kienyeji vizuri kuliko oveni, kwa sababu inaanza kwa kumlainisha.

Kwanza, mchemshe. Mweke mzima kwenye sufuria kubwa pamoja na tangawizi, kitunguu, limau na maji yanayofika nusu yake. Funika, na yakichemka punguza moto yawe yanatikisika tu. Mgeuze kila nusu saa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam au Tanga. Tofauti ni ndogo, lakini kwa nyama ngumu inaonekana. Anayefuata muda aliopewa na dada yake wa pwani aongeze dakika za kutosha. Ndege wa kilo tano aliyekomaa kiasi huhitaji saa moja na nusu hadi mbili. Uma ukiingia pajani bila kugoma, mtoe kwa uangalifu, mikono miwili, asikatike. Mchuzi uliobaki ni mali, uchuje uutunze.

Pili, mbanike. Kwenye sufuria nzito tandika uti wa majani ya mgomba, kama Waganda wa ng'ambo ya ziwa wanavyofanya wakipika matoke, au weka wavu. Mimina kikombe kimoja cha mchuzi. Mpake ndege samli, mlaze, funika kwa mfuniko mzito au sinia la bati. Theluthi moja ya makaa iwe chini na theluthi mbili juu ya mfuniko, kwa sababu rangi inatoka juu. Dakika 40 hadi saa moja zinatosha. Fungua mara moja tu katikati kumpaka samli tena.

Hatua hizi mbili zifanyike mfululizo. Wapo wanaomchemsha nusu usiku wa mkesha, wakamwacha jikoni, wakamalizia asubuhi. Usifanye hivyo. Kama unataka kupunguza kazi ya asubuhi, mchemshe hadi aive kabisa, mpooze haraka, mweke kwenye friji, na kesho yake abanikwe hadi awe moto sana mpaka ndani.

Njia ya tatu ni ya ujirani. Kila mtaa una mama anayeoka keki za harusi na ana oveni kubwa. Zungumza naye wiki mbili kabla, si mkesha, maana siku hiyo ana keki za watu. Mpelekee ndege akiwa ameshatiwa viungo, na usisahau kumwachia kipapatio na ahsante yake.

Mvua, mkaa na mlango uliofungwa

Desemba ni mwezi wa mvua kanda ya ziwa, na mara nyingi mvua huanza wakati jiko limekolea uani. Kinachofuata ni kulibeba jiko hadi ndani na kufunga mlango ili upepo usipige. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anahisi kichwa kuuma na usingizi, anajilaza kidogo, na haamki. Kazi ya saa tatu za makaa juu na chini haifai kufanyika ndani hata kidogo. Tengeneza kibanda cha mabati au turubai kilicho wazi pande mbili kabla siku haijafika. Makaa yaliyobaki usiku yazimwe kwa maji, yasiingizwe chumbani eti yawape watoto joto.

Ameiva au bado?

Kipimajoto cha nyama ndicho kinachosema kweli. Chomeka sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha kwenye kidari. Kote kuwili kisome nyuzi 74 au zaidi. Asiye nacho atumie dalili tatu kwa pamoja: paja likitikiswa linalegea kwenye kiungo, majimaji yanayotoka yakichomwa ni meupe, na nyama iliyo karibu na mfupa haina uteute wa mbichi. Rangi ya ngozi isihesabiwe kabisa. Makaa ya juu yanaweza kuipa ngozi rangi ndani ya nusu saa huku paja halijui lolote.

Akiiva, mwache apumzike dakika 20 hadi 30 kabla ya kukatwa, majimaji yatulie ndani ya nyama. Na ukikata ukakuta damu, mkate vipande pale pale jikoni, virudi sufuriani na mchuzi vichemke hadi viive. Wageni watasubiri nusu saa, na hakuna atakayekumbuka mwaka ujao.

Firigisi moja, wazee watatu

Kuku ana firigisi moja, na bata mzinga vivyo hivyo. Nyumba yenye baba, baba mkwe na babu mzaa mama inaweza kununiana kwa kitu kidogo kama hicho. Ya bata mzinga ni kubwa. Ichemshe pamoja na miguu na shingo, ikate vipande vyembamba, na wazee wote wapelekewe kwenye sahani moja pamoja na maini. Heshima imefika, na hakuna aliyetangulizwa.

Ukataji ufanyike jikoni. Ondoa mapaja, kisha mabawa, kisha kata kidari kwa upana, vipande vyembamba, kila kimoja na ngozi yake. Kabla sinia halijatoka, tenga la waliopika. Mama, dada wa kazi na mabinti waliosimama kwenye moshi tangu alfajiri wasije wakaishia kugombea mgongo na shingo. Baba aliyemchagua ndege uani naye ana nafasi yake: kunyonyoa, kubeba sufuria, kusimamia makaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona akiwa hajaketi.

Kesho yake

Nyama isikae mezani zaidi ya saa mbili. Iliyobaki itolewe kwenye mifupa na kuwekwa kwenye friji, italiwa ndani ya siku tatu, ikipashwa hadi itoe mvuke. Nyumba isiyo na friji isimalizie kesho. Igawe kwa majirani jioni ile ile. Mwanza hakuna atakayekataa.

Mifupa irudi sufuriani usiku huo huo, pamoja na ule mchuzi uliotunzwa, tangawizi na pilipili, ichemke kwa saa moja. Mchuzi upozwe na kuwekwa kwenye friji. Tarehe 26 asubuhi, wakati wageni wanatafuta viatu vyao na bibi anajiandaa kwenda kupanda meli ya Nansio, uchemshwe tena na kila mmoja apewe bakuli la supu na ndizi mbili za kuchemsha kabla hajaondoka.